Fidia Ililipwa kwa Nani?

Machi na Aprili 1930, Gustaf Aulén, profesa wa teolojia wa Lund, alialikwa Uppsala kutoa mihadhara kuhusu jinsi Wakristo walivyoueleza msalaba tangu enzi za mitume. Mwaka uliofuata mihadhara hiyo ilichapishwa kwa Kiingereza kwa jina la Kilatini, *Christus Victor*, yaani Kristo Mshindi. Hoja yake ilishikika upesi. Kwa miaka elfu moja, alisema, Kanisa liliuona msalaba kama uwanja wa vita ambamo Mungu mwenyewe, ndani ya Kristo, aliwapiga dhambi, mauti na Ibilisi akawaweka watu huru. Kisha mwishoni mwa karne ya 11 akaja Anselmo wa Canterbury na hesabu zake: mwanadamu ana deni kwa Mungu, na Kristo amelilipa. Nyuma yake akafuata Pierre Abelard, ambaye kwake msalaba ni upendo unaoamsha upendo. Tangu hapo safu hizo tatu zimekuwa zikikaririwa katika vyuo vya teolojia, na msomaji huachwa na picha ya Kanisa lililoanza na shangwe ya ushindi likaishia kwenye daftari la madeni.

Mpango huo unafaa kwa ubao wa darasani, lakini mambo hayakwenda hivyo. Ushindi na deni havikupokezana zamu. Vilizaliwa pamoja, katika mateso ya dola ya Kirumi, kwa kuwa mateso yaleyale yalitoa watu wa aina mbili: waliosimama hadi kufa, na walioanguka wakabaki hai. Hao wa kwanza waliwaachia wenzao swali juu ya mauti, na wa pili swali juu ya hatia. Kanisa lilihitaji jibu lenye kuwabeba wote, na historia ndefu ya fundisho hili ni historia ya jibu hilo likivutwa mara huku, mara kule.

Tuanzie Lyon, mji wa Galia, mwaka 177. Eusebi wa Kaisaria ametuhifadhia barua ambayo Wakristo wa Lyon na Vienne waliwaandikia ndugu zao wa Asia na Frigia kuwasimulia yaliyowapata. Askofu Pothinus, mzee wa zaidi ya miaka 90, alipigwa akafia gerezani. Blandina, mjakazi ambaye hata wenzake walihofia mwili wake dhaifu usije ukamwangusha, aliwachosha watesaji waliopokezana tangu asubuhi hadi jioni. Baadaye akatundikwa kwenye nguzo mbele ya wanyama, na waliokuwa uwanjani pamoja naye wakahisi kwamba wanamtazama yeye aliyesulubiwa kwa ajili yao. Hapo mtu anaweza kusema: huu ndio ushindi wa Aulén. Lakini barua hiyohiyo inakiri kwamba watu wapatao kumi walimkana Kristo mwanzoni, na kwamba jambo hilo liliwaumiza ndugu kuliko mateso yenyewe. Halafu inasimulia kwamba wengi wa hao, wakitiwa moyo na wafiadini waliokuwa wakiwaombea kifungoni, walirudi wakaungama imani. Mwandishi analieleza tukio hilo kwa picha ya vita: Mnyama amekabwa koo ili awatapike wakiwa hai wale aliodhani amekwisha kuwameza. Picha ya ushindi, basi, inatumika hapa kwa watu waliosamehewa. Waliomkaba Mnyama walikuwa wakiomba toba ya wenzao, na mwandishi wa mwaka 177 hakuona haja ya kuyatenga mambo hayo mawili.

Aliyekikalia kiti cha Pothinus alikuwa Ireneo, mtu aliyekulia Smirna. Katika vitabu vyake dhidi ya wazushi, mnamo mwaka 180, alifundisha kwamba Kristo aliirudia njia ya Adamu hatua kwa hatua, akapita utoto, ujana na utu uzima, na kila mahali Adamu alipoasi yeye akatii. Kwa utii huo alimfunga yule mwenye nguvu na kumnyang'anya mateka wake. Aulén alimfanya Ireneo shahidi wake mkuu, na ana haki. Lakini silaha inayomwangusha adui kwa Ireneo ni utii, na utii una maana pale tu ambapo kulikuwa na uasi wa kurekebishwa.

Atanasi wa Aleksandria anaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Katika kitabu chake juu ya kufanyika mwili kwa Neno, kilichoandikwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 4, anasema mauti imekuwa kama dhalimu aliyeshindwa na mfalme halali, akafungwa mikono na miguu, kila apitaye akimzomea. Ushahidi wake ni wa macho: watu waliokuwa wakiogopa kufa, miongoni mwao wanawake na vijana wadogo, sasa wanaiendea mauti wakiicheka. Hata hivyo, kurasa chache kabla ya hapo amejiuliza kwa nini Mungu asingetosheka na toba ya wanadamu, akajibu kwamba toba peke yake isingeondoa uharibifu uliokwisha kuingia katika maumbile yao, wala isingelinda ukweli wa Mungu aliyekuwa ametamka kwamba mwenye kuasi atakufa. Kwa hiyo Neno alitwaa mwili unaoweza kufa, akautoa kama sadaka kwa niaba ya wote, ili deni lililowahusu wote lilipwe. Deni, sadaka na dhalimu aliyefungwa vimo katika kitabu kimoja, karne saba na zaidi kabla ya Anselmo.

Nusu ya pili ya habari inapatikana zaidi Afrika ya Kaskazini. Kaisari Decius alipoamuru wakazi wote wa dola waitolee miungu sadaka, jambo lililotekelezwa katika mwaka 250, kila aliyetii alipewa cheti. Mchanga wa Misri umetuhifadhia zaidi ya vyeti 40 vya namna hiyo. Mwombaji anataja jina lake, kijiji chake na umri wake, mara nyingine na kovu alilo nalo mwilini ili asichanganywe na mwingine. Anatamka kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya wajumbe, amemimina kinywaji, ametoa sadaka na kuonja nyama yake. Chini wametia sahihi mashahidi. Huko Karthago watu walimiminika kutimiza amri hiyo, na wengine walinunua vyeti kwa rushwa bila kugusa nyama. Dhoruba ilipopoa, maelfu walitaka kurudi kwenye meza ya Bwana. Askofu Sipriani, ambaye mwenyewe alikuwa amejificha, jambo ambalo wapinzani wake hawakuliacha lipite, alishikilia kwamba warudi kwa toba ya kweli yenye kumridhisha Mungu, si kwa barua za harakaharaka kutoka kwa waungamaji wa imani waliokuwa gerezani. Lugha hiyo ya kumridhisha Mungu, yenye harufu ya mahakama, Tertuliani alikuwa ameitumia katika mji huohuo nusu karne kabla. Sipriani alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mtu mmoja, basi, alilea wenye hatia kwa nidhamu ya malipizi, na yeye mwenyewe akaikabili mauti kama mshindi.

Palipobaki tatizo ni kwenye neno la Injili kwamba Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Fidia hupokelewa na mtu. Ni nani aliyeipokea? Origen wa Aleksandria alijibu kwamba hakuwa Mungu, maana si Mungu aliyetushika mateka. Basi ni yule mwovu, ambaye alidanganyika akidhani ataweza kuishikilia nafsi ya Yesu. Gregori wa Nisa, katika mafundisho yake ya miaka ya 380, akaifanya hoja hiyo kuwa hadithi kamili. Wanadamu walijiuza wenyewe kwa hiari, hivyo si haki kuwapokonya kwa mabavu. Ibilisi alipoiona miujiza ya Yesu alimwona ni mali yenye thamani kuliko mateka wote alio nao, akakubali kubadilishana, bila kujua kwamba chini ya nyama ya chambo kuna ndoana ya Uungu. Gregori alijua kuna watakaouliza kama inampasa Mungu kudanganya. Alijibu kwamba tabibu naye huchanganya dawa kwenye chakula bila mgonjwa kujua, na akaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: kwamba udanganyifu huo ungemfaa hata Ibilisi mwenyewe mwishowe.

Rafiki yake Gregori wa Nazianzo hakuvumilia. Katika hotuba ya Pasaka aliuliza damu hiyo kuu ilitolewa kwa nani na kwa nini. Kama ni kwa yule mwovu, basi aibu iliyoje: jambazi apokee malipo kwa ujambazi wake, tena malipo yenyewe awe Mungu! Na kama ni kwa Baba, kwa vipi, ilhali si yeye aliyetushika? Baba gani angefurahia damu ya Mwanawe, yeye ambaye hata Isaka hakumpokea, bali alimweka kondoo dume mahali pake? Jibu lake mwenyewe ni fupi: Baba aliipokea sadaka, si kwa sababu aliidai au aliihitaji, bali kwa sababu ya mpango wa wokovu, ili mwanadamu atakaswe na ubinadamu wa Mungu na dhalimu ashindwe. Yaliyosalia yaheshimiwe kwa ukimya. Ni vigumu kupata katika karne hizo ukurasa wenye busara kuliko huo, na inashangaza kwamba nchi za Magharibi hazikujenga zaidi juu yake.

Agostino wa Hippo alichukua njia ya katikati. Ibilisi alikuwa na namna ya haki juu ya wenye dhambi, lakini alipomuua asiye na deni lolote alivuka mpaka, akaipoteza haki yake yote. Katika mahubiri yake aliuita msalaba mtego wa panya. Tunachopaswa kukiona ni kwamba kwake Mungu anashinda kwanza kwa haki, ndipo kwa nguvu. Vita na mahakama vimeunganishwa tena, safari hii na mtu mmoja anayesomwa na Magharibi yote.

Tukitaka kujua waamini wa kawaida waliona nini, tusiishie kwenye vitabu. Kwenye milango ya mbao ya kanisa la Santa Sabina huko Roma, ya mnamo mwaka 430, na katika Injili za Rabbula zilizochorwa Siria mwaka 586, Kristo msalabani yu hai, macho wazi. Katika mchoro wa Siria amevaa vazi refu la heshima. Halafu mtu aende Cologne akaangalie msalaba wa askofu mkuu Gero, uliochongwa kwa mwaloni mnamo mwaka 970. Mwili ni mkubwa karibu sawa na wa mtu, kichwa kimeinama, macho yamefumba, tumbo limelegea kwa uzito, ngozi imevutika kwenye mabega. Huyu amekufa. Msalaba huo umekitangulia kitabu cha Anselmo kwa zaidi ya karne moja. Kama ni kuhama kutoka kwa mshindi kwenda kwa mteswa, basi Magharibi ilikwisha kuanza kuhama kabla ya mwanateolojia yeyote kuliwekea jambo hilo hoja. Naona sababu yenyewe iko katika maisha ya Kanisa baada ya Konstantino. Hakimu alipoacha kuwaua Wakristo, ule ushahidi wa Atanasi, wa watu wanaoicheka mauti, ulihamia jangwani kwa watawa na katika kumbukumbu za sikukuu. Dhambi haikwenda likizo. Padri wa karne ya 9 huko Galia au Ireland hakukutana na wafiadini. Alikutana kila wiki na watu walioua, walioiba na waliozini, mkononi akiwa na kitabu cha vitubio kinachoonyesha ni siku ngapi za kufunga zinatosha kwa kosa gani. Swali la walioanguka lilibaki peke yake mezani.

Mashariki mambo yalikwenda vingine, na hilo linathibitisha kwamba mazingira yaliamua mengi. Katika lililokuwa kanisa la Chora, Istanbul, kuna mchoro wa mnamo mwaka 1320. Kristo katika mavazi meupe amesimama juu ya milango ya kuzimu iliyovunjika. Kwa mkono wake wa kuume amemkamata Adamu kifundoni na kwa wa kushoto Hawa, anawachomoa makaburini kwa nguvu hata nguo zinapepea. Chini ya miguu yake amelala Shetani amefungwa, na gizani zimetapakaa kufuli, funguo na misumari. Mchoraji hakumpa Adamu kazi yoyote. Hata kushika mkono hashiki, ameshikwa.

Anselmo aliandika kitabu chake *Cur Deus Homo*, kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu, akakimaliza mwaka 1098 akiwa uhamishoni Liberi, karibu na Capua, baada ya kugombana na mfalme William Rufus. Ni mazungumzo kati yake na Boso, mtawa wa Bec. Na anayeipiga ile haki ya Ibilisi ni Boso: mtumwa mmoja akimshawishi mwenzake amtoroke bwana wao, kisha akampokea na kumtesa, ana haki gani juu yake, ilhali wote wawili ni mali ya bwana yuleyule? Hapo hadithi ya fidia kwa Shetani ilipata pigo lake kubwa, na ilistahili. Lakini Anselmo hakuufuta ushindi. Mahali pawili anasema kwamba mwanadamu, aliyeshindwa na Ibilisi kwa urahisi kiasi kile hata akamvunjia Mungu heshima, inampasa amshinde Ibilisi kwa njia iliyo ngumu kuliko zote, yaani kwa kufa. Aulén alizipita sentensi hizo upesi mno.

Wapo wanaosema Anselmo alimvika Mungu joho la kabaila wa Ulaya anayelipiza kisasi cha heshima yake. Kuna ukweli kidogo humo, maana kila mtu huandika kwa lugha ya zama zake. Lakini yeye mwenyewe anasema wazi kwamba heshima ya Mungu haiwezi kuongezwa wala kupunguzwa. Kinachovurugwa ni mpangilio na uzuri wa ulimwengu. Nyenzo zake, kama tulivyoona, zilitoka Karthago na katika vitubio, karne nyingi kabla ya makabaila. Tena kwake malipizi na adhabu ni njia mbili tofauti: ama deni lilipwe, ama adhabu itolewe. Kristo analipa kwa hiari, haadhibiwi. Fundisho kwamba Baba alimwadhibu Mwana badala yetu lilikuja kukomaa baadaye, kwa Warekebishaji, na si haki kumtwisha Anselmo.

Abelard aliikataa vilevile haki ya Ibilisi, akauliza swali ambalo bado lina makali: ikiwa dhambi ya Adamu ya kula tunda ilihitaji malipizi makubwa hivyo, kumuua Kristo kulihitaji malipizi gani? Bernardo wa Clairvaux alimshambulia kwa papa Innosenti wa Pili, akitetea kwamba Ibilisi alitushika kwa namna fulani ya haki, na Abelard akahukumiwa kwenye mtaguso wa Sens muda mfupi kabla ya kufa kwake mwaka 1142. Hebu tazama: miaka arobaini hivi baada ya kitabu cha Anselmo, mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote Ulaya bado alikuwa akitetea hadithi ya zamani.

Martin Luther naye haingii katika safu moja. Katika ufafanuzi wake wa Wagalatia uliochapishwa mwaka 1535, anapofika mahali Paulo anaposema Kristo alifanyika laana kwa ajili yetu, anasema Kristo alibebeshwa dhambi za wote hata akawa mwenye dhambi kuliko wote. Papo hapo anaonyesha dhambi, mauti na laana zikimvamia ili zimmeze, na zenyewe zikamezwa. Kubeba hatia ndiyo njia ya kushinda. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, inayohesabiwa kuwa ngome ya mafundisho ya malipizi, katika jibu lake la kwanza kabisa inaunganisha kulipiwa dhambi zote kwa damu na kuwekwa huru kutoka katika utawala wa Ibilisi.

Atatokea mtu aseme kwamba kwa kuunganisha kila kitu nafuta tofauti za kweli. Hapana. Fausto Sozzini, katika kitabu cha mwaka 1594, aliwabana Warekebishaji kwa hoja nzito: kosa la mtu haliwezi kuhamishiwa kwa mwingine kama fedha, na kama deni limelipwa lote basi halijasamehewa. Ukimweleza Baba kama mdai aliyesimama upande mmoja na Mwana kama mlipaji upande wa pili, hoja ya Sozzini haijibiki. Inajibika tu ukishika neno ambalo Aulén alilisisitiza vizuri kuliko wengi, kwamba atendaye ni Mungu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, naye ndiye anayebeba gharama ya msamaha wake mwenyewe. Kwa upande mwingine, anayehubiri ushindi bila kutaja hatia hupingwa na makaburi: watu bado wanakufa, na walioshinda vita wakawa madhalimu ni wengi. Atanasi hakudai kwamba mauti imekoma. Alidai kwamba imepoteza haki yake juu yetu, na haki hiyo ilitokana na dhambi. Ondoa sehemu hiyo, na maneno yake yanabaki majigambo.

Barani Afrika hoja ya ushindi ilipata mtetezi katika John Mbiti wa Kenya, aliyeandika katika miaka ya 1960 na 1970 kwamba Waafrika wanamhitaji na kumpokea Yesu kwanza kama mshindi wa nguvu ambazo jadi zao hazikuwa na njia ya kuzishinda: mapepo, uchawi, magonjwa, kifo. Kwa makanisa huru aliyoyatazama ana ushahidi mzuri. Lakini harakati kubwa iliyozaliwa katika ukanda wetu ilisisitiza jambo jingine. Uamsho uliowashika Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe mwaka 1929, ukawaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulisimama juu ya damu ya Yesu isafishayo dhambi. Watu walisimama hadharani wakataja wizi, uzinzi na chuki zao, wakarudisha walivyoiba, na wimbo wao wa Tukutendereza ukaimbwa kila mmoja alipomaliza kuungama. Ungedhani hao ni watu wa deni na msamaha tu, wasio na la kusema mbele ya mauti. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, wanauamsho wa Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekwisha kuinywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa jibu hilo. Wengi wao waliikataa vilevile bunduki ambayo serikali ya kikoloni iliwapa wajilinde nayo, kwa sababu, walisema, damu hiyohiyo ilimwagika kwa ajili ya wale waliokuja kuwaua.